Dada yangu aliinuka kutoka kwenye kiharusi kwa mazoezi ya nyumbani, halafu tukamzika. Mnaotunza wagonjwa wa presha, someni hadi mwisho

Wakuu, nawasalimu kutoka Tarime. Walio na umri wa wazazi wangu, shikamooni.

Kwa muda sasa nafungua huu ukurasa, naandika mistari miwili, nafuta. Leo nimeamua nimalize. Majina nimebadilisha. Yaliyobaki ni kweli tupu, na mkiona mahali nimepita haraka, mjue hapo bado panauma.

Humu kuna nyuzi nyingi za afya. Kukimbia, kupunguza kitambi, kunywa maji, kulala mapema. Nazisoma, na moja ilinisaidia sana, nitaitaja mbele. Lakini sijaona uzi unaozungumzia kilichotupata sisi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, kijiwe changu kiko Nyamisangura. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Ni Mkurya. Mke wangu, nimwite Akinyi, ni Mjaluo wa Rorya.

Uzi huu ni wa dada yangu mkubwa. Nitamwita dada Robi.

Mama yetu alifariki nikiwa sijaanza shule. Dada Robi ndiye aliyenibeba mgongoni, akaninyoa, akanichapa, akanipeleka darasa la kwanza. Alipoolewa Mbalibali, huko wilaya ya Serengeti, alienda na mimi. Fikiria bibi harusi anafika kwa mume akiwa na mdogo wake ameshika kanga. Shemeji alinitengenezea kitanda.

So nikiandika dada, ninyi someni mama.

Shemeji alitangulia miaka kadhaa iliyopita. Mabinti wa dada wote wawili wameolewa upande wa Kenya. Yeye akabaki kwenye mji wake na mbuzi, na shamba la mtama, na rafiki yake wa siku zote, jirani anaitwa Mama Weigesa. Hawa wawili walilimiana mashamba, wakaimba kwaya moja, wakasukana nywele. Ukimpigia simu mmoja unamsikia na mwingine anacheka nyuma.

Asubuhi moja niko kazini, Mama Weigesa akapiga.

"Mura, njoo. Dada yako ameanguka jikoni. Mdomo umeenda upande."

Mura ndivyo sisi tunavyomwita kijana. Mimi nina mvi, lakini kwake ni mura tu.

Nilizima mashine, nikapanda basi la Mugumu na ovaroli yangu ya kazi.

Nilimkuta hospitali ya palepale Mugumu, makao makuu ya wilaya. Upande wa kulia wote ulikuwa umelala, mkono uko kama nguo iliyosahaulika juu ya shuka. Macho yalinijua. Akafungua mdomo, likatoka neno moja.

"Baba. Baba."

Nesi akaniambia kwa upole, "Tangu amefika anamuita baba yake. Bado yuko hai?"

Kwa Kikurya chetu baba ni tata. "Baba" ni mama. Dada yangu, mtu mwenye wajukuu, alikuwa anamuita mama.

Nilitoka nje nikasimama kwenye korido mpaka uso ukakauka.

Daktari alisema ni kiharusi, na kimesababishwa na presha iliyokaa juu muda mrefu bila mwenyewe kujua. Kumbe ile kuumwa kichwa aliyokuwa anasema ni jua la shambani, haikuwa jua. Akaandikiwa dawa, tukaambiwa ni za maisha. Alipotulia, nikamleta kwangu.

Sasa sikieni jambo ambalo hakuna aliyetuandaa nalo.

Kiswahili kilimtoka chote. Alikuwa anakiongea vizuri tu, lakini baada ya stroke kikabaki Kikurya peke yake, tena vipande vipande. Na mtu wa kushinda naye nyumbani alikuwa Akinyi, ambaye Kikurya chake kilikuwa cha kununulia ndizi.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Dada anataka maji, anapewa shuka. Anataka kwenda chooni, anapewa chai. Akikosewa analia, Akinyi naye anaenda kulia jikoni. Mimi narudi jioni nakuta wanawake wawili macho mekundu na chakula hakijaguswa.

Hospitali ya hapa Tarime kulikuwa na mtaalamu mmoja wa mazoezi ya viungo, huyu Mungu ampe maisha marefu. Alituonyesha kila kitu kwa vitendo na akatuambia tusisubiri vifaa vya kununua. Akasema ubongo unafundishika upya, ila kwa kurudiarudia, kila siku, hata siku mgonjwa amekasirika.

Basi tukaanza.

Akinyi alichukua soksi yangu, akaijaza mchele, akaishona mdomo. Hiyo ndiyo ikawa ya kuminya kwa mkono uliolala. Tyubu ya baiskeli tuliifunga kwenye mguu wa kitanda, dada anaivuta kwa mguu. Kuinuka kwenye kiti na kukaa, kuinuka na kukaa. Kujiangalia kwenye kioo na kulazimisha tabasamu ili mdomo urudi mahali pake.

Mimi nikafanya ninachokijua. Nilichomelea mabomba mawili marefu, nikayasimika uani sambamba, usawa wa kiuno chake, ili atembee katikati ameshika huku na huku. Majirani wakaanza kuuliza nataka kufuga nini.

Jikoni nako tulibadilika. Chumvi tukapunguza, mafuta tukapunguza. Ugali wa muhogo na mtama ukabaki, mboga za majani zikaongezeka. Kichuri, ule mchuzi wetu mchungu wa utumbo, dada alikataa kuacha kabisa, tukakubaliana mara chache. Shemeji yangu wa Sirari, kaka yake Akinyi, akatuletea mashine ndogo ya kupimia presha, ile ya kuvaa mkononi. Kila asubuhi kabla ya chai tunampima.

Wakuu, msidhani ilikuwa kama video za mtandaoni. Kuna siku aliitupa ile soksi ukutani, mchele ukamwagika chumba kizima. Akageukia ukuta, akavuta shuka mpaka kichwani. Mtu aliyekuwa anapiga jembe kuliko wanaume, leo anaambiwa aminye soksi.

Akinyi alipiga magoti akaanza kuokota mchele, huku anahesabu punje kwa Kikurya alichojifunza mtaani. "Emwe, ebere, isato..." Alivyokuwa anatamka vibaya, wakuu, hata mbuzi angecheka.

Tukasikia kitu chini ya shuka. Dada anacheka. Upande mmoja wa mdomo, lakini anacheka. Akafunua uso, akamsahihisha.

Kuanzia siku hiyo ikawa hivyo. Wakati wa mazoezi dada anamfundisha wifi yake Kikurya, wifi anamrudishia Kiswahili. "Sema kikombe." "Kikombe." Kila mmoja ni mwalimu na kila mmoja ni mwanafunzi. Dokta wa mambo ya akili tusingempata huku kwetu, ila nadhani hilo ndilo lililomtoa dada kwenye giza.

Mimi je? Hapa niseme kidogo, maana wanaume huwa hatusemi.

Nilikuwa naharibika taratibu. Usingizi ulikata. Nachomelea geti naliweka upande sivyo. Kifua kinabana bila sababu, mpaka nikajipima na mimi kwa ile mashine nikidhani nami naondoka. Ndipo nikasoma humu uzi wa mkuu mmoja aliyemuuguza baba yake. Alisema anayeuguza naye lazima awe na dakika zake, hata kama ni kutembea tu bila simu.

Nikaanza kutembea asubuhi, kabla ya kazi. Mara ya kwanza nilifika barabara kubwa, nikakaa kwenye jiwe, nikalia kama mtoto. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya maziwa akasimama akaniuliza, "Umefiwa, mwanangu?" Nikamwambia hapana, nauguza. Akasema pole, akaenda zake. Ile pole ya mtu nisiyemjua ilinishusha mzigo ambao sikujua nimeubeba.

Nikirudi kutoka matembezini nakuta nina uvumilivu wa siku nzima. Naomba mlio kwenye hali hiyo mjaribu. Mimi sitafuti kuonekana mtaalamu.

Miezi ikaenda. Dada akatoka kwenye kukaa, akaja kusimama, akaja kutembea kwenye mabomba ameshika mikono yote miwili. Siku moja Akinyi akanipigia kazini anapiga kelele, nikafikiri ameanguka tena. Kumbe ameachia mabomba. Ametoka mwanzo hadi mwisho bila kushika, halafu akamwambia Akinyi kwa Kiswahili safi, "Leta chai."

Baadaye tukawa tunatoka naye asubuhi, tunatembea kwa mwendo wake. Mguu wa kulia unakokota kidogo, fimbo mkononi. Alipokwenda kanisani mara ya kwanza, watu walisimama. Yeye akaona aibu, akaniambia niwaambie wakae.

Kisha akaanza kusema anataka kurudi Mbalibali.

Nilikataa. Nilikataa kwa ukali, na Akinyi alikataa. Jioni moja tumekaa uani, akaniita.

"Mura, mimi siumwi tena."

"Dada, huko nani atakuangalia?"

"Mama Weigesa yupo. Mabinti wamesema watakuwa wanakuja."

"Hapa unakosa nini? Niambie nikuletee."

Maneno yalikuwa bado yanamjia polepole.

"Hapa naamka nasubiri niambiwe cha kufanya. Kwangu nikiamka najua. Nimechoka kuwa mgeni. Hata kwa mtoto wangu mtu anachoka kuwa mgeni."

Akasema mtoto wangu. Nikampeleka kwa daktari.

Daktari alimpima, akasema anaweza kwenda, ila dawa asiruke hata siku moja na mazoezi aendelee. Nikaenda nikamuwekea mabomba mengine kule kwake, kutoka mlangoni hadi jikoni. Nikamwachia mashine ya presha. Dawa nilikuwa nazichukua mimi Tarime, namtumia kwa dereva wa basi ninayemfahamu, hazijawahi kuchelewa.

Kila jioni napiga simu.

"Umetembea?"

"Nimetembea na Mama Weigesa mpaka kisimani."

"Umemeza dawa?"

"Nimemeza."

"Umepima?"

Hapo alikuwa anasema macho hayasomi vizuri zile namba, watapima mabinti wakija. Sauti ilikuwa na afya. Nikawa nalala.

Wakuu, hapa nitapita haraka.

Ilikuwa msimu wa mtama kukomaa. Tembo walikuwa wanatoka hifadhini wanaingia mashambani, watu wote wako kwenye kulinda. Asubuhi dada alikuwa anaanua nguo, akakaa chini, hakuinuka. Safari hii hakukuwa na hospitali. Mama Weigesa aliponipigia simu hakusema njoo. Alilia tu, na mimi nikajua.

Tulimzika Mbalibali, pembeni ya shemeji.

Baada ya mazishi watu wameanza kupungua, ndugu tumekaa uwanjani, Mama Weigesa akaja. Alikuwa hajala tangu juzi yake. Akapiga magoti mbele yangu, mtu wa umri wa dada yangu anapiga magoti mbele yangu, nikamshika mikono kumwinua, akakataa.

"Mura, nina neno. Nisipolisema litaniua."

"Sema, mama."

"Dawa tulikuwa tunagawana."

Sikuelewa. Nikamwambia arudie.

"Mimi nami kichwa kilikuwa kinauma, kama chake kilivyokuwa kabla hajaanguka. Akanipima na kile kimashine chake. Akaona namba zimepanda kama zake za mwanzo. Akaogopa. Akasema, wewe ukianguka mimi nitabaki na nani? Tukawa tunakata kidonge. Nusu yake, nusu yangu. Kila siku. Alisema wote tutapona."

Kumbe namba alikuwa anazisoma vizuri tu. Na kila jioni nilipouliza kama amemeza, hakunidanganya. Alikuwa amemeza nusu.

Shemeji mwingine, mdogo wa marehemu mume wa dada, aliruka pale. Akasema huyu mwanamke ameua, aondoke kwenye mji huu, asikanyage tena. Wengine wakaitikia. Mama Weigesa hakujitetea. Alibaki kwenye magoti yake ameinamisha kichwa kama anasubiri kupigwa.

Mimi nilisimama nikaondoka. Niseme ukweli, kwa muda ule nilimchukia. Nilitembea mpaka mwisho wa shamba, sehemu ambayo tembo walikuwa wamelaza mtama, nikasimama hapo. Nikafikiria yale mabomba, ule mchele, na Akinyi anavyohesabu. Kazi yote ile. Kwa nusu kidonge.

Halafu nikamfikiria dada mwenyewe. Ameshika kisu cha jikoni kwa ule mkono tulioufundisha upya, anakata kidonge kidogo vile katikati. Mkono ule usingeweza kazi hiyo mwaka mmoja nyuma. Alipoupata tena, aliutumia kumgawia rafiki yake.

Nikarudi. Nikawaambia wale ndugu, "Huyu hafukuzwi. Dada yangu alimpenda. Anayetaka kumfukuza aanze na mimi."

Nikaingia ndani nikachukua mashine. Nikamfunga Mama Weigesa mkononi palepale mbele ya watu. Namba ziliniogopesha. Nikamuuliza kwa nini hakwenda kupimwa. Akasema alienda zahanati mara moja, akaambiwa afike kituo kikubwa kwa vipimo zaidi, ikawa msimu wa kulinda shamba, na yeye yuko peke yake. Akiacha shamba usiku mmoja, chakula cha mwaka kimeliwa.

Asubuhi nikamwambia ajiandae, tunaenda Mugumu.

"Watu watasemaje wakituona?" akaniuliza.

"Waseme tu, mama. Panda."

Daktari alimpima, akamwanzishia dawa zake mwenyewe, tena si zilezile za dada. Akatueleza kwamba dawa ya presha inatolewa kwa mtu na hali yake, kidonge kinachomfaa mmoja kinaweza kumdhuru mwingine, na ukimeza pungufu ni kama humezi. Nikamuuliza swali nililolibeba tangu mazishi. Je, dada angekula kidonge kizima angekuwa hai?

Akasema, "Sitakudanganya. Ingemsaidia. Lakini aliyewahi kupata kiharusi anaweza kupata kingine hata akifuata kila kitu. Hakuna wa kukuapia."

Jibu hilo nimelala nalo, nimeamka nalo. Kuna siku linanituliza, kuna siku linanichoma.

Mama Weigesa anaendelea na dawa. Anaongea kidogo siku hizi, na kwaya ameacha. Mabinti wa dada walichelewa kumsamehe, mmoja bado. Simlaumu. Akinyi ndiye anayempigia zaidi yangu, wanaongea Kikurya.

Mimi bado natembea asubuhi. Hainiondolei huzuni. Inanifanya niweze kuibeba mpaka jioni. Siku ninazoacha, hata wateja wanajua.

Kwa hiyo wakuu, niliyojifunza ni haya. Mazoezi ya nyumbani yanainua mtu, nimeona kwa macho yangu, usikate tamaa na mgonjwa wako hata kama huna vifaa. Lakini mazoezi hayachukui nafasi ya dawa, na dawa haikatwi nusu, haigawiwi, hata kwa upendo. Wazazi wetu huko vijijini hawawezi kula peke yao huku jirani anaangalia, na kwao dawa nayo ni chakula. Ukimpigia mama yako usiishie kumuuliza kama amemeza. Muulize amemeza kingapi. Muulize na jirani yake anaumwa nini. Ukienda kumpima mama, mpime na rafiki yake, msaidie apate matibabu yake, maana yule ndiye anayeshinda na mzazi wako wakati wewe uko mjini.

Wenye utaalamu wa afya mje mnisahihishe nilipokosea, sitachukia. Mliowahi kuuguza, leteni mlizotumia ninyi, kuna mtu atazihitaji.

Na kwa waliompoteza mtu ambaye alikuwa anaendelea vizuri, nina swali moja, nijibuni hata kwa mstari mmoja. Ile saa ya asubuhi ambayo mlikuwa mnafanya naye mazoezi, sasa mnaijaza na nini?